Sura ya Tano: Sauti Ilitangulia Picha

Siku ya mechi kubwa, kitu cha kwanza kutazamwa Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, ni ubao. Umeegemezwa kwenye nguzo ya banda la mabati, umeandikwa kwa chaki: timu ya nyumbani, timu ya ugenini, saa ya kuanza na kiingilio. Ndani kuna mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, feni moja inayozunguka kwa taabu, turubai lililoziba madirisha ili mwanga usiingie, na televisheni kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani, juu kidogo ya vichwa. Nyuma ya pazia kuna chumba kingine, kidogo zaidi, cha filamu. Watu wa Dar es Salaam wanaliita banda la namna hii kibanda umiza, na jina linajieleza. Anayekaa humo dakika 90 hutoka mgongo ukiuma, shati limelowa na koo limekauka.

Koo hukauka kwa sababu humo ndani hakuna anayetazama kimya. Mpira ukiguswa, mtu wa benchi la nyuma amekwisha tangaza. Mwamuzi akipuliza filimbi, banda zima limekwisha toa hukumu. Nyuma ya pazia, jambazi wa filamu ya Kichina anavamia ghala huku sauti ya Kiswahili, nzito na yenye madaha, ikieleza jina la jambazi huyo, tabia yake na kwa nini leo lazima apigwe. Mgeni anaweza kudhani ni fujo. Kwa wakazi wa pembezoni mwa jiji hivyo ndivyo televisheni inavyotazamwa: kwa pamoja, na kwa mdomo. Desturi hiyo ina historia. Watu hawa walilelewa na redio, kioo kikawafikia kwa kuchelewa, na kilipofika wakakifundisha kusema lugha yao.

Miaka ya kungoja

BBC ilianza matangazo ya kawaida ya televisheni jijini London mwaka 1936. Kenya ilianza mwaka 1962, Uganda mwaka uliofuata. Mwaka 1973 Zanzibar ikafungua Televisheni Zanzibar, TVZ, na ikaanza na rangi, wakati majirani wa bara bado walikuwa kwenye picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara, sehemu ya Jamhuri hiyo hiyo ya Muungano, iliendelea kungoja mpaka 1994. Mtoto aliyezaliwa Gongo la Mboto mwaka ambao TVZ ilianza alikuwa na miaka 21 kituo cha kwanza cha bara kilipoingia hewani.

Kungoja huko kulikuwa uamuzi. Mwalimu Julius Nyerere aliona kwamba televisheni ni ghali, kwamba ingewafaidi wachache wa mjini wenye umeme na fedha, na kwamba ingepanua pengo kati yao na mkulima wa kijijini. Redio ilifika kote, tena kwa betri. Kwa hiyo taifa likajengwa kwa sikio. Studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, zilikuwa kando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, ile ile ambayo daladala za Gongo la Mboto huifuata kwenda mjini. Kutoka hapo zilirushwa taarifa ya habari, salamu za wasikilizaji, mpira, na michezo ya kuigiza kama Mahoka na Pwagu na Pwaguzi. Msikilizaji alijua mhusika ni mnene au mwembamba, mjanja au mjinga, kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema.

Wenye uwezo hawakungoja. Dar es Salaam ilikuwa na nyumba zenye antena zilizofungwa juu ya milingoti mirefu kuelekea baharini, zikiivizia TVZ kutoka ng'ambo ya mkondo. Picha ilikuja na chenga, ikakatika, mtu akapanda juu ya bati kuigeuza antena huku wa chini wakimpigia kelele: hapo hapo, usiguse! Kisha biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, deki za video zikaingia kwa wingi. Kumbi za sinema za mjini, Empire, Avalon, Odeon na nyinginezo, ambako vizazi vya wakazi wa jiji vilikwenda kutazama filamu za Kihindi wakiwa wamevaa nguo zao bora, zikaanza kupoteza watu. Kanda ya video ilifika mahali ambapo sinema haikufika. Ilihitaji chumba, deki, televisheni moja na mtu wa kukusanya fedha mlangoni. Hapo ndipo mabanda ya video ya uswahilini yalipozaliwa.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikaruhusu vituo binafsi, na mwaka 1994 CTN, DTV na ITV ya Reginald Mengi vikaingia hewani. Serikali yenyewe ilikuja nyuma ya wafanyabiashara: Televisheni ya Taifa, TvT, ilizinduliwa mwaka 2000, na baadaye ikaunganishwa na redio ya taifa kuwa TBC.

Kati ya tarehe hizo kuna Oktoba 1999. Mwalimu alifariki London tarehe 14. Mwili ulipowasili, msafara ulipita Barabara ya Pugu ukitokea uwanja wa ndege, na watu wa Ukonga, Kipawa na Gongo la Mboto walijipanga kando ya njia. Ambao hawakupata nafasi barabarani walijazana kwenye nyumba zenye televisheni. Watu wasiofahamiana waliketi sakafuni katika sebule moja, wakamlilia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwalimu alihofia kwamba chombo hiki kingewatenga watu kwa uwezo wao. Wiki ile mwenye televisheni aliacha mlango wazi.

Wasanii wa jioni

Kabla ya televisheni, burudani ya jioni pembezoni mwa jiji ilikuwa ya ana kwa ana. Vikundi kama Muungano, Mandela na Tanzania One Theatre, TOT, vilizunguka kwenye kumbi na baa za Kinondoni, Temeke na Ilala na onyesho la saa nyingi: ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo, na taarabu ya kufungia usiku. Ushindani wa Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano uliwagawa mashabiki kama Simba na Yanga. Mtazamaji alijibu jukwaani papo hapo. Akifurahi alitunza, akichukizwa alizomea.

Televisheni ilipovuta watazamaji nyumbani, kumbi zilipungua watu na maigizo yakahamia kwenye kioo. ITV ikawa na Mambo Hayo, kisha Kaole Sanaa Group, kundi lililochukua jina la mji wa kale wa magofu karibu na Bagamoyo. Michezo ya Kaole kama Jahazi, Dira na Tufani ilipigwa katika nyumba za kawaida: kochi lenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo, ua wenye kamba ya nguo. Hadithi ilipangwa kwa muhtasari, na maneno mengi mwigizaji aliyatunga mwenyewe kamera ikiwa inazunguka. Mtazamaji wa Gongo la Mboto aliona kwa mara ya kwanza chumba kinachofanana na chake, akasikia mama mkwe anayegomba kama mama mkwe anayemjua.

Wahakiki waliosomea filamu walilalamika, na walikuwa na hoja. Watu wanakaa kwenye kochi, wanazungumza mno, kamera haisogei, na ukifumba macho hadithi unaielewa yote. Lakini hoja hiyo hiyo inaeleza chanzo. Hii ilikuwa sanaa ya watu waliofunzwa na redio na jukwaa. Walijua kubeba hadithi kwa maneno, na watazamaji wao walijua kuipokea kwa sikio wakati mikono inachambua mchele. Televisheni ya Tanzania iliingia katika nyumba ambamo mama hakai bure akitazama. Anapika, ananyonyesha, anakunja nguo. Anatazama kwa vipande na kusikiliza kwa ukamilifu.

Kutoka Kaole walitoka Vincent Kigosi, maarufu kama Ray, Blandina Chagula, maarufu kama Johari, na kijana wa Shinyanga aliyejiunga mwaka 2002, Steven Kanumba. Miaka michache baadaye walihamia kwenye filamu za kanda na diski zilizouzwa Kariakoo, na tasnia nzima ikaitwa Bongo Movie. Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 ilimkutanisha Kanumba na waigizaji wa Nigeria, na umaarufu wake ukavuka mipaka. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, maelfu walifurika viwanja vya Leaders na makaburi ya Kinondoni. Umati wa namna ile ulikuwa umezoeleka kwa viongozi wa nchi. Safari hii alizikwa mwigizaji, na waliolia wengi wao walimjua kupitia kioo tu.

Vichekesho navyo vilipata nyumba mpya. Ze Comedy ilianzia EATV, kisha wasanii wale wale wakahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi. Joti aligeuka bibi kizee au mtoto mtundu kwa kubadili sauti na kitambaa cha kichwa. Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, McRegan na Vengu waliwaigiza wakubwa kwa lafudhi na mwendo mpaka kesho yake vijiweni watu walirudia maneno yao. Bongo Star Search ya Rita Paulsen ikafungua mlango wa muziki. Msichana au kijana asiye na jina alisimama mbele ya majaji kama Master Jay na Salama Jabir, akaimba bila ala, na nchi nzima ikaamua kama ana sauti au hana. Peter Msechu na Walter Chilambo, mshindi wa mwaka 2012, walipita mlango huo.

Watafsiri

Turudi nyuma ya pazia la kibanda umiza, kwa jambazi wa Kichina. Filamu za kigeni zilipojaa mabandani, tatizo lilikuwa lugha. Wakatokea watu wa kulitatua, na wa kukumbukwa zaidi ni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Alikaa na kipaza sauti akaisimulia filamu kwa Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho: akatafsiri mazungumzo, akaeleza desturi za huko, akatoa nasaha, akawapa wahusika maneno ambayo mwandishi wa Hollywood hakuyawaza. DJ Mark na wengine wakafuata. Kenya ilimpata DJ Afro, Uganda ikampata VJ Jingo.

Kazi hii imedharauliwa kupita kiasi. Mtafsiri wa filamu ni ndugu wa msimulizi wa hadithi aliyekaa uani na watoto jioni. Anaijua hadhira yake, anajua pa kunyamaza, anajua neno litakaloamsha kicheko benchi la nyuma. Filamu anayoitumia ni ya mtu mwingine, na suala la haki za wenye filamu lilikuwa na bado ni zito. Lakini sanaa ya kusimulia ni yake mwenyewe, na ndiyo iliyothibitisha kwamba mtazamaji wa Kiswahili akisemeshwa kwa lugha yake hutazama chochote kutoka popote.

Vituo vikubwa vilichelewa kulijua hilo, kisha vikalijua vizuri. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja kama mfano wa jinsi Watanzania walivyoyajua maisha ya familia ya Kichina. StarTimes ikashindanisha sauti jijini na kuwapeleka vijana Beijing kufanya kazi hiyo. Azam TV nayo ikaleta Sultan, tamthilia ya Kituruki juu ya jumba la kifalme la Sultan Suleiman, ikizungumza Kiswahili fasaha. Hurrem, mke wa Sultan huyo, akawa jina la uani. Wanawake waliosuka nywele kibarazani walijadili fitina za jumba la Istanbul la karne ya 16 kama wanavyojadili ugomvi wa nyumba ya tatu.

Baada ya sauti za Kiswahili kukaa juu ya picha za wageni, ilikuwa zamu ya picha zenyewe. Chaneli ya Maisha Magic Bongo ikaendesha tamthilia ya Huba kwa misimu mingi, kisha Jua Kali ya Leah Mwendamseke, anayejulikana kama Lamata, ambaye pia aliipa Azam tamthilia ya Kombolela. Kamera sasa inasogea, taa zimepangwa, hadithi zinaandikwa. Kombolela ni mchezo wa kujificha ambao kila mtoto wa mtaani ameucheza, na jina hilo peke yake linaonyesha mtunzi anamwita nani.

Wakati mtaa ulipotazamwa

Televisheni ilibadili pia jinsi watu wa chini walivyowaona wenye madaraka. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama bungeni Dodoma akatangaza kujiuzulu, siku moja baada ya ripoti ya kamati teule juu ya mkataba wa umeme wa Richmond kusomwa. Matangazo yalikuwa mubashara. Baa, saluni na maduka yenye televisheni yaligeuka kumbi za Bunge. Watu waliokuwa wakikatiwa umeme waliona nyuso za waliokuwa wakijibu kuhusu umeme huo. Kuanzia hapo mbunge alijua kwamba fundi cherehani anamsikia. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote mubashara, ikitaja gharama, na mjadala uliozuka ulionyesha kwamba wananchi walikuwa wamekwisha kuyaona matangazo yale kuwa haki yao.

Gongo la Mboto ina tarehe yake. Usiku wa 16 Februari 2011 maghala ya silaha katika kambi ya Jeshi la Wananchi yalilipuka. Zaidi ya watu 20 walikufa, mamia walijeruhiwa, maelfu walikimbia gizani kwa miguu, wazazi wakapotezana na watoto, na wengi wakafikia Uwanja wa Uhuru. Siku zilizofuata kamera zilionyesha kuta zilizobomoka na akina mama wakitaja majina ya watoto wao. Mtaa uliozoea kutazama ukawa unatazamwa. Kwa ndugu walioko Mwanza au Mbeya, sura iliyoonekana nyuma ya mtangazaji, hata kwa nukta chache, ilikuwa habari kamili: yupo hai.

Kioo hicho hicho kina madhara, na wazazi wa pembezoni wanayajua kuliko wahubiri. Kibanda umiza kinakesha. Mtoto wa darasa la tano anaweza kutoka shuleni na asionekane nyumbani mpaka saa nne usiku, akiwa amekaa kati ya watu wazima mbele ya filamu ya kuchinjana. Viongozi wa mitaa hupiga marufuku, mwenye banda hufunga wiki moja, kisha ubao wa chaki hurudi. Mtoto huyo hawezi kurudishwa nyumbani kwa marufuku peke yake ikiwa mtaa wake hauna kiwanja, hauna maktaba, na chumba anachoishi kina watu sita na feni hakina.

Chogo

Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Nairobi ilifika huko mwaka 2015. Aliyekuwa na antena tu aliamka na chenga. Alihitaji king'amuzi, na king'amuzi kilihitaji kifurushi, na kifurushi kiliisha kabla ya mshahara. Azam TV ilipoanza mwishoni mwa 2013 na kuionyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, madishi madogo yaliota juu ya mabati hata Majohe na Chanika. Mwaka 2021 kampuni hiyo na shirikisho la soka, TFF, walitia saini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Mchezaji wa timu ya mkoani, ambaye zamani alijulikana kwa redio na gazeti, sasa anajulikana kwa uso. Vijana wengi leo hutazama kwenye simu, kila mmoja na yake. Lakini siku ya Simba na Yanga simu hurudishwa mfukoni na mabenchi hujaa.

Upande wa pili wa barabara, mbali kidogo na kituo cha daladala, kuna kibanda cha fundi. Mlango hauonekani kwa televisheni zilizopangwa hadi darini. Nyingi ni za chogo, zile nene za zamani, kwa sababu televisheni bapa ikipasuka kioo huwa imekwisha, lakini chogo hutengenezeka. Fundi anachomelea waya, anapuliza vumbi, anageuza kisanduku na kuchomeka nyaya za king'amuzi: nyekundu na nyeupe za sauti, kisha ya njano ya picha. Nje, mwanamke mwenye ndoo ya samaki kichwani ameitua, amekaa juu ya kigoda anasubiri. Imekaribia saa 2 usiku, saa ya taarifa ya habari.

"Fundi, imepona?"

"Imepona, mama. Subiri ipate moto."

Kioo bado ni cheusi. Sauti ya mtangazaji imekwisha anza, inasoma vichwa vya habari, na mama amekwisha geuza sikio.